Maji Yanayokula Bomba

Wanaojenga hapa Isongole, Rungwe, siku hizi wananiuliza swali ambalo zamani sikulisikia: "Fundi, na ile mashine ya kulainisha maji tutaifunga wapi?" Wengi ni watu waliofanya kazi Dodoma au Dar es Salaam, wakastaafu, wakarudi nyumbani. Huko walizoea jagi la umeme linaloota magamba meupe, bomba la mvua linaloziba matundu, na sabuni inayoganda kwenye beseni bila kutoa povu. Wanadhani maji ya bomba yanafanana popote.

Hayafanani. Visima vya Makutupora vinavyolisha Dodoma huvuta maji yaliyokaa ardhini muda mrefu yakizoa madini. Unguja na mwambao maji hupita kwenye mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa tupu. Huku Rungwe mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka sehemu nyingi. Inazama kwenye mawe ya volkano ya mlima, kisha inatoka kwenye chemchemi kabla haijabeba kalsiamu ya maana. Mtu anayetaka kuona chokaa avuke Mbeya mjini aende Songwe. Kule chemchemi za maji moto zimejenga miamba myeupe kabisa, na kiwanda cha saruji kiko hukohuko.

Mashine yenyewe haina uchawi. Ndani kuna vipunje vilivyobeba sodiamu. Maji magumu yakipita, kalsiamu na magnesiamu hunasa kwenye vipunje na sodiamu hutoka. Vipunje vikishajaa, mashine hujisafisha kwa maji ya chumvi na uchafu unamwagwa. Kwa hiyo kila mara unanunua chumvi, na unahitaji umeme na presha. Hapo kwenye presha ndipo watu wanapokwama. Simtanki lililo juu ya kichanja cha mita 3 linakupa presha ya baa 0.3, maana kila mita 10 za kimo ni baa 1. Mashine nyingi zinataka baa 1.5 na zaidi. Inabidi ununue na pampu.

Mzee mmoja anayeishi jirani na barabara ya Tukuyu aliagiza mashine yake kutoka Dar. Ilipanda na lori lililokuwa limepeleka viazi, imezungushiwa godoro. Kabla sijakata bomba lolote nilimwomba chupa tupu ya soda na kipande cha sabuni ya mche. Nilijaza maji ya bombani nusu, nikakwangulia sabuni kidogo sana, nikatikisa. Povu lilipanda mpaka shingoni na halikushuka. Maji chini yalibaki maangavu, bila yale matope meupe ya maji magumu. Mkewe akadakia, "Ndiyo maana nikioga huku sabuni haiishi mwilini!" Nikamwambia, naam mama, hiyo ndiyo dalili.

Mzee alinyamaza, kisha akauliza, "Sasa kama hakuna chokaa, mbona hita yangu ya maji imetoboka?"

Hilo ndilo swali la Isongole, na mtu asiyefungua mabomba kila siku hawezi kuliona. Nilishusha hita yake tukaifungua wote wawili. Elementi ilikuwa safi, ungedhani imetoka dukani jana. Chini kulikuwa na tope laini la rangi ya ugoro. Ile fimbo ya magnesiamu, ambayo kazi yake ni kuliwa na maji ili tangi lisiliwe, ilikuwa imebaki waya. Tundu lilikuwa kwenye ulehemu, dogo kama la sindano. Fimbo hiyo hubadilishwa, ila sijawahi kupigiwa simu na mteja anayetaka ibadilishwe. Naitwa maji yakishafika sebuleni.

Maji laini kama yetu, yakiwa na tindikali kidogo, hayaachi kitu ndani ya bomba cha kulikinga, yanalila. Bomba la chuma lenye zinki huanza kuoza kwenye uzi, kwa sababu unapokata uzi unaondoa zinki palepale. Ukikaza koki ya shaba nyeupe moja kwa moja kwenye chuma, chuma kinaoza haraka zaidi. Maji ya kwanza asubuhi yakitoka ya rangi ya chai, bomba lako ndilo linalotoka. Hata tangi la saruji halisalimiki. Ukiingia kulisafisha, pitisha kidole ukutani, kinatoka na mchanga. Maji yamenyonya chokaa ya saruji yakaacha kokoto.

Ongeza na mteremko. Chanzo kiko mlimani, nyumba ziko chini. Mpira mweusi wa PN6 unabeba kimo cha mita 60 tu, na mtu anaulaza kwenye bonde la mita 100 bila tangi la kupunguza presha katikati. Usiku watu wakifunga koki, mpira unapasuka. Asubuhi lawama zinamwendea fundi. Mvua kubwa zikija, tope linapita bombani na kukata washa zote za koki.

Kuna pia wauzaji wa mashine za maji wanaopita na kifaa chenye vyuma viwili. Wanavizamisha kwenye glasi ya maji yako, wanawasha umeme, maji yanageuka kahawia, mama mwenye nyumba anashika mdomo. Ile ni kutu ya vyuma vyao wenyewe.

Kwa nyumba ya Isongole mimi nafunga plastiki tupu, chujio la tope kwenye maji yanapoingia, valvu ya kupunguza presha, na koki ya kutolea tope chini ya simtanki. Mwenye uwezo zaidi apitishe maji kwenye changarawe ya chokaa ili yapunguze ukali. Ndiyo, tunayaongezea kilekile ambacho mashine ingekiondoa. Na kuchemsha maji ya kunywa kuko palepale, mashine ya kulainisha haiui vijidudu.

Sisemi Rungwe nzima iko hivi. Upande wa Kyejo ardhi inatoa gesi ya kaboni dayoksaidi, ileile inayochimbwa kwa ajili ya viwanda vya vinywaji, na maji yenye gesi hiyo hulamba mawe zaidi. Kisima cha kuchimba nacho kinaweza kuwa tofauti kabisa na bomba la jirani. Peleka chupa maabara ya maji Mbeya, waambie wapime ugumu na pH. Ugumu ukiwa chini ya miligramu 60 kwa lita, mashine iache dukani. Ukipita 180, nipigie tuzungumze, na uniambie kabisa simtanki lako limekaa kimo gani.