Kuficha Si Kufuta

Wasee, leo sitajisifu. Nataka kuwaambia vile programu yangu ilimkosanisha mathe na jirani wake wa miaka mingi.

Niliandika programu ndogo ya duka lake. Python na Tkinter tu, dirisha moja, hakuna maajabu. Mathe hapendi skrini iliyojaa vitu, kwa hivyo nikajifanya mjanja: kisanduku cha deni kionekane tu mteja akikopa. Ukibonyeza "Keshi", kinapotea. Nikaweka grid_remove() na nikalala nikijiona injinia.

Siku moja mteja alikopa vitu vya shilingi 850. Mathe akaandika, akahifadhi. Aliyefuata ni jirani, akalipa keshi. Kisanduku kikapotea vizuri kabisa, lakini ile 850 ilikuwa bado imo ndani. Kitufe cha kuhifadhi kikaisoma na kuiweka kwa jina la jirani.

Wiki ikaisha, mathe akamdai. Jirani akaapa hajakopa hata kiberiti. Mathe akamjibu mbele ya watu: "Kompyuta ya mwanangu haidanganyi." Manze, hayo maneno yaliniuma kuliko matusi.

Nilipofungua ile kazi usiku, niliona kosa ni langu, wala si la Tkinter. grid_remove() hukitoa kitu machoni tu. Kiko hai, na maandishi yake yote, hata kinakumbuka safu na mstari wake, ndiyo maana ukiita grid() kinarudi palepale. grid_forget() husahau mahali, lakini nayo haigusi maandishi. Ukitaka kisanduku kiwe tupu lazima useme mwenyewe: delete(0, "end"). Ukitaka kitu kife kabisa, hiyo ni destroy().

Nilirekebisha mambo mawili. Kwanza, kisanduku kinasafishwa kabla ya kufichwa. Pili, na hili ndilo kubwa, malipo yakiwa keshi deni ni sifuri, hata kisanduku kiseme nini. Programu isiamini kitu ambacho mwenye kuitumia hakioni.

Sisi tunaojifunza hizi vitu kwa simu usiku tunapenda sana skrini safi. Inapendeza kwa video. Lakini skrini safi yenye takataka chini ni kama kufagia uchafu na kuusukuma chini ya zulia. Mgeni hauoni, wewe ndiye utaukanyaga. Mathe hangeweza kugundua kosa kwa sababu nilikuwa nimemfichia ushahidi.

Asubuhi tulienda kwa jirani, mimi mbele. Nikamwambia, "Aunty, si mamangu aliyekosea, ni mimi." Alininyamazia kidogo, kisha akaniuliza kama ile mashine sasa imeokoka. Nikacheka, lakini yeye hakucheka.

Siku hizi bado ananunua kwetu. Ila kabla hajaondoka, anainama juu ya kaunta na kusema: "Nionyeshe umeandika nini."

Na mathe humgeuzia skrini.