Baiskeli, Baridi na Blanketi Moja Kitulo

Mwambie mtu wa Dar kwamba hapa hapa Bongo kuna sehemu ukiacha ndoo ya maji nje usiku wa Julai, asubuhi unaweza kuikuta imefunga utando wa barafu. Atakuuliza, "Kileleni Kilimanjaro?" Hapana, mtu wangu. Ni Makete, kwenye mashamba ya viazi, ambako asubuhi nyingine majani yanakuwa meupe kama yamemwagiwa chumvi. Umande ule ulioganda Waswahili wanauita sakitu, neno ambalo sisi wa pwani hatuna kazi nalo. Mkulima wa kule ana kazi nalo sana, maana usiku mmoja wa sakitu unatosha kuunguza majani ya shamba zima.

Kwetu Julai ni mwezi wa raha. Ndiyo kipupwe, unazima feni, unalala fofofo, na mkiwa wawili hamgombani tena kuhusu nani kamsogelea nani. Kwa hiyo kikundi chetu cha baiskeli, wale unaotukuta Jumamosi alfajiri tukipigiwa honi na daladala, kilipopanga safari ya Saba Saba ya 2023, hakuna aliyeuliza habari ya baridi. Sikukuu iliangukia Ijumaa, siku tatu za bure. Kiongozi wa msafara, jamaa mmoja wa mambo ya kompyuta, alisoma kwamba Julai nyanda za juu ni kiangazi, akatutumia ujumbe: "Jua tupu, msisahau miwani." Tukawa 11, ndoa nne na makapera watatu.

Ndoa mojawapo ilikuwa yetu. Miaka miwili, hatuna ugomvi wowote wa maana, ila tulikuwa tumefika mahali tunaongea kama wahasibu wawili wa kampuni moja. Luku imeisha. Kodi lini. Gari linavuja oili. Mume wangu ndiye aliyesema twende, tukatoe kutu. Nikasema poa.

Basi la alfajiri ya Alhamisi lilitushusha Chimala jioni, kilomita 78 kabla hujafika Mbeya, baiskeli zimetoka kwenye buti zimejaa vumbi na mmoja wetu kapinda rimu. Ijumaa asubuhi tukaiacha lami na kugeukia kusini, kwenye ukuta wa mlima. Barabara ile wenyewe wanaiita Hamsini na Saba, kwa sababu ya idadi ya kona zake. Mimi nilihesabu hadi 23, nikaacha ili niweze kupumua. Ni ya mawe na changarawe, inajikunja na kujikunja, na kila ukipumzika unaona tambarare za Usangu zimetanuka chini kama mkeka ulioanikwa. Sehemu kubwa tulisukuma. Jua lilikuwa kali, watu wamefunga majaketi viunoni, nyimbo, picha, utani. Kama umempata mtu mpya na unataka kumjua haraka, mpeleke pale na baiskeli. Kufikia kona ya 15 utakuwa umeshajua anaongeaje akichoka.

Kwa kawaida kila mita 1,000 unazopanda, hewa inapoa kwa nyuzi kama 6. Uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600. Hesabu hiyo tuliifanya Matamba usiku, tumejifunga mashuka ya gesti, meno yanagongana. Mtu akaomba jiko la mkaa liingizwe chumbani. Dada wa mapokezi akakataa katakata: "Kaka, ukilala na jiko asubuhi tunakutoa na machela." Alikuwa sahihi kabisa. Moshi wa mkaa usioonekana unaua watu wakiwa usingizini.

Asubuhi ya Jumamosi viti vya baiskeli vilikuwa vyeupe. Kijiweni vijana wa bodaboda walikuwa wamevaa makoti mazito kinyumenyume, zipu mgongoni, ili upepo usipate pa kuingilia. Miguuni gambuti, mikononi soksi. Wakatuangalia sisi na kaptula zetu za kubana, wakacheka ile mbaya. Mmoja, mtu mzima kidogo, hakucheka. Akaniambia, "Dada, weka hata gazeti kifuani. Huko juu si kwa kupita hivyo." Akanipa gazeti lake la juzi na mfuko wa nailoni. Nikaweka. Mume wangu alipopewa akatabasamu tu, akasema atapata joto akianza kukanyaga.

Na kweli alipata. Hapo ndipo baridi ya mlimani ilipo na ujanja. Ukipanda unatoka jasho, unajiona shujaa. Jasho lile lile ndilo linalokuuza ukianza kuteremka, maana maji hunyonya joto la mwili zaidi ya mara 20 kuliko hewa kavu. Na upepo unautengeneza mwenyewe. Hewa ikiwa nyuzi 5 na wewe unashuka kwa kilomita 40 kwa saa, ngozi yako inaona kama iko kwenye nyuzi -1. Waendesha baiskeli wa kulipwa wanalijua hili kwa machungu. Tarehe 5 Juni 1988, mashindano makubwa ya Italia yalivuka mlima Gavia kukiwa na theluji, mwezi ambao kwao ni wa joto. Mmarekani Andy Hampsten aliyechukua uongozi siku ile, na baadaye ubingwa, alikuwa kwenye timu ambayo asubuhi yake ilikwenda kununua nguo nzito za watelezaji wa theluji. Wengine walipanda vizuri tu. Kilichowamaliza ni upande wa pili wa mlima.

Lakini ngoja kwanza nikupe Kitulo yenyewe, maana ni pazuri hata pakikuchukia. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, kilomita za mraba 412.9, na ni ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Usitegemee simba. Kuna aina karibu 350 za mimea, zikiwemo aina 45 za okidi, na hizo okidi ndizo zilizoleta kelele, kwani mizizi yake ilikuwa inachimbwa na kuvushwa kwenda Zambia, wanakoipika chakula kinachoitwa chikanda. Maua yanachanua Desemba hadi Aprili. Julai hukuti kitu. Unakuta nyasi za rangi ya ngozi ya simba zinalala upande mmoja hadi upeo wa macho, kimya kinachokufanya uongee kwa kunong'ona, na ukungu. Watu wa hifadhi wenyewe wanasema Juni hadi Agosti ni baridi na ukungu. Ule upepo wa kusi unaotupepea sisi Coco Beach, kule unagonga milima, unapanda, unapoa, unageuka wingu. Wewe uko ndani ya wingu.

Mnamo saa saba wingu likaanza kudondoka. Si mvua, kiongozi wetu alisisitiza, ni manyunyu. Sawa. Manyunyu ya saa mbili yanalowesha kuliko mvua ya dakika kumi, kwa sababu hamkimbii. Saa ya mkononi ya kapera mmoja ilionyesha nyuzi 6. Mpango ulikuwa tushuke kupitia Kikondo hadi Isyonje, kwenye lami ya Mbeya na Tukuyu, ambako Coaster ya kukodi ilikuwa inatusubiri.

Tukaanza kushuka. Vidole vyangu vilikufa ganzi, nikawa nashika breki kwa kiganja kizima. Mbele yangu mume wangu. Mwanzoni alikuwa anatetemeka mpaka usukani unacheza, na nilikuwa namsikia anaguna kila akipita kwenye shimo. Kisha kuguna kukaisha. Nikadhani kazoea. Baada ya kona kadhaa nikaona hata breki anazishika kwa kuchelewa, mara mbili akaingia kwenye majani ya pembeni, akarudi barabarani bila kusema kitu. Tuliposimama kumsubiri mtu mnyororo wake, akanigeukia, akauliza taratibu, kwa adabu kabisa:

"Mlandizi tumeshapita?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana alikuwa ananiangalia anasubiri jibu. Nikashika mikono yake. Baridi kama samaki wa friji, na haitetemeki tena. Nilikuwa nimewahi kusikia kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza kazini: joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 mtu anaanza kupotea akili, na kutetemeka kukikoma kabla hajapata joto, si kwamba amepona. Mwili umeishiwa.

Nikasema tunatafuta nyumba, sasa hivi. Kiongozi akaangalia saa. Ilikuwa inakaribia saa kumi. "Shemeji, tukisimama hapa giza linatukuta porini. Na ile Coaster hailali. Akanyage tu, atapata joto."

"Hawezi hata kufungua mkanda wa kofia," nikamwambia. "Nyie nendeni. Sisi wawili hatuendi."

Kimya. Halafu dada mmoja wa benki, ambaye tangu asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye kila mlima, akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi sijisikii miguu tangu kule juu." Mumewe akamgeukia kama kapigwa kofi. Kapera mwenye saa naye akasema anaona kizunguzungu. Kufikia dakika mbili walikuwa watu wanne. Wanne kati ya 11, kila mmoja alikuwa akingoja mwenzake aseme kwanza. Mpaka leo nikifikiria kikao kile cha barabarani nasisimka zaidi ya nilivyosisimka kwa baridi.

Moshi ulituonyesha nyumba. Mama mwenye nyumba alitoka jikoni amejifunga vitenge viwili juu ya sweta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Jamani! Mnatoka wapi na baridi hii, mmevaa chupi?"

Hakusubiri jibu. Nguo mbichi zote zivuliwe, akasema, wanaume kule, wanawake huku, na akaleta blanketi nne nzito za mistari. Kapera mmoja akachomoa kichupa cha pombe kali, amgawie mgonjwa apate moto. Mama akamnyang'anya. "Hiyo mpe siku ya harusi." Baadaye nilisoma sababu: pombe inafungua mishipa ya damu ya ngozini, unahisi joto huku joto lenyewe linatoka nje. Akatupa chai ya rangi yenye sukari ya kufa mtu na viazi vya kuchemsha vyenye chumvi. Nilipoanza kumsugua mume wangu miguu akanizuia pia.

"Wewe si mkewe?"

"Ndiye mimi, mama."

"Sasa unamsugua kama sufuria ya nini? Ingia humo blanketini umkumbatie. Nyie wengine geukeni mkaangalie moto."

Basi nikaingia, mbele ya watu tisa, mama wa watu na mbuzi mmoja aliyekuwa amefungwa pembeni. Mgongo wake ulikuwa kama ukuta wa bafuni. Ilichukua muda mrefu, sijui nusu saa, sijui zaidi. Kisha akaanza kutetemeka upya, kwa nguvu, meno yanapiga ngoma, na mama akasema, "Haya, amerudi." Sijawahi kufurahi kiasi kile kumwona mtu anatetemeka.

Alipopata sauti nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilikuwa nasubiri wewe uchoke," akasema. "Ungechoka wewe, tungesimama."

"Na mimi nilikuwa nimefurahi kwamba umeacha kulalamika."

Akacheka kidogo. Halafu tukaongea, na haikuwa habari ya luku. Alinieleza mambo ya kazini kwake ambayo yalikuwa yamemkaba tangu Machi, akiwa amefunikwa blanketi la mtu, ananuka moshi. Machi! Nililala naye kitanda kimoja miezi minne yote hiyo.

Kiongozi wetu, tumpe haki yake, alikwenda kwa miguu barabarani na kurudi na Fuso la viazi. Baiskeli zikapandishwa juu ya magunia, wagonjwa mbele kwa dereva, wengine nyuma chini ya turubai. Tulimwachia mama hela ya kuni na sukari. Aliikataa mara mbili, ya tatu akaipokea, akatufungia viazi vya njiani. Coaster tuliikuta Isyonje saa mbili usiku, dereva kanuna, injini inaunguruma, hita imewashwa. Sijapata kupanda gari zuri kama lile.

Kama imekuvutia, nenda. Nenda Februari, maua yakiwa yamechanua na barabara ikiwa tope tupu. Nenda hata Julai ukitaka kuona sakitu, lakini beba jaketi lisilopenya maji, glavu na nguo kavu ndani ya nailoni. Mkubaliane mapema kwamba mwendo ni wa yule anayesikia baridi kuliko wote, na kila nusu saa mtu amuulize mwenzake swali la kujibiwa kwa sentensi nzima. "Uko poa?" halitoshi. Jibu lake ni "poa" hata mtu akiwa Mlandizi.

Jumapili, kabla ya kuanza safari ya kurudi, mume wangu aliniburuta hadi Mwanjelwa, Mbeya, kwenye mitumba. Akachagua koti la sufu zito la kijivu, lenye kola ya manyoya, wamepatana bei kwa dakika ishirini. Akalijaribu palepale kinyumenyume, zipu mgongoni, muuzaji akashangaa. Sasa liko kabatini kwetu Tabata, linakula nafasi ya magauni yangu matatu, na juzi kati tukiwa kwenye nyuzi 32 nimemkuta analipiga brashi.