Barabara Iliyogeuka Uwanja wa Ndege

Kalembe ni kijiji cha mpakani katika Kivu ya Kaskazini. Upande mmoja ni Masisi yenye vilima na malisho ya ng'ombe. Upande wa pili ni Walikale yenye msitu mkubwa. Mtu atokaye Goma hupita Sake, Kitchanga na Mweso hata kufika hapo. Akiendelea mbele huingia njia ya Pinga. Mvua ikinyesha, njia hugeuka tope, na malori hukwama. Ndiyo maana wafanya biashara wa Walikale waliitafuta njia ya angani.

Magharibi ya mji wa Walikale pana Kilambo. Hapo hapakujengwa mnara wala taa; palikuwa na kipande cha barabara ya lami tu, kilichonyoka vizuri. Mawe ya bati yalipogunduliwa Bisie, mnamo mwaka 2002, haukupita muda mrefu ndege ndogo kutoka Goma zikaanza kutua barabarani humo.

Kazi ilikwenda hivi. Wapagazi walibeba magunia ya kilo 50 hivi, wakapita msituni kwa miguu kutoka Bisie hata Njingala. Malori yakayapeleka Kilambo. Ndege ilipokaribia, askari waliifunga barabara huku na huku. Baiskeli, mbuzi na watoto wakaondoshwa. Ndege ikatua, ikashusha vyakula na bia, ikapakia tani 2 hivi za mawe, ikarudi Goma. Kisha barabara ikafunguliwa, na malori yaliyongoja yakapita.

Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa madini katika Kivu zote mbili na Maniema, hata Machi 2011. Mara ndege zikaadimika Kilambo. Wagonjwa na wasafiri walikuwapo bado, ila mawe hayakuwapo. Na Januari 2025, vita vilipofika Goma, uwanja wa mji huo nao ukafungwa.

Msomaji mpenzi, ndege ni chombo chema, tena huokoa maisha. Lakini lori likifika Kalembe husimama: mama huuza ndizi, fundi huziba gurudumu, mgonjwa huomba nafasi. Ndege ipitayo juu huwaachia mvumo tu. Nchi hufunguliwa kwa njia ambayo hata aendaye kwa miguu aweza kuitumia.