Nauli ya Mpiga Picha Isemwe Kabla ya Safari



Shule zinapofungwa mwezi wa Agosti na wa Desemba, na pia Ramadhani inapokwisha, harusi katika mwambao wetu hufuatana kama mawimbi. Sisi huitwa kuozesha, na kila tunapokwenda humkuta kijana mwenye kamera mbili shingoni na begi zito mgongoni. Hana ofisi wala mwajiri. Leo yuko Majengo, kesho Malindi, keshokutwa Lamu. Watu wengi humuuliza bei ya picha zake. Wachache humuuliza amefikaje, na usiku atarudije kwao. Wiki hii tungependa kuzungumza nanyi juu ya swali hilo dogo, kwa kuwa tumeliona likivunja maelewano ya watu wema.

Mwaka mmoja tuliitwa kusikiliza shauri baina ya familia moja ya Mombasa na mpiga picha wao. Harusi ilikuwa Lamu. Walipatana kwa simu shilingi 30,000, na hapana aliyetaja safari. Kijana alidhani fedha hizo ni ujira wa kazi, na kwamba njia itakuwa juu ya wenye harusi. Ami yake bibi harusi alidhani ni bei ya kila kitu. Basi kijana akatoka Mombasa alfajiri, njia ya kilomita zipatazo 340, akafika Mokowe, akavuka kwa boti hadi kisiwani, akakodi chumba. Siku mbili alifanya kazi, na siku mbili zikaliwa na njia. Alipoleta hesabu ya safari, ami alimwambia, "Mwanangu, mbona hukutuambia?" Naye akajibu kwa adabu, "Ami, nanyi hamkuniuliza." Tuliwasikiliza wote wawili, na kila mmoja alikuwa akisema kweli.

Kijana akazuia picha, familia ikazuia salio. Miezi miwili ikapita hivyo. Katika muda huo babu yake bibi harusi, ambaye siku ya akidi alikaa mbele kabisa, akafariki dunia. Siku ya tatu ya matanga kijana alikuja mwenyewe, akamkabidhi ami picha zote, na hakutaja fedha. Siku chache baadaye ami akampelekea haki yake kamili kwa simu. Waliridhiana, alhamdulillahi. Lakini mzee yule alikuwa akiziulizia picha zile kila wiki, naye aliondoka bila kuziona. Hiyo ndiyo hasara ambayo suluhu yetu haikuweza kuirudisha.

Neno lenyewe nauli limetufikia kwa njia ya Kiarabu, na asili yake ni malipo ya chombo cha baharini. Nahodha hakung'oa nanga kabla ya mwenye shehena kujua atalipa nini. Na katika mlango wa ijara, ambao waliosoma madrasa wameupitia, mafakihi hushika sharti kwamba ujira ujulikane kwa pande zote mbili. Kwa maoni yetu, nauli ni sehemu ya yale yapasayo kujulikana. Si zawadi ambayo mteja humpa fundi akipenda, wala si mwanya wa fundi kujiongezea faida kwa siri.

Tumewauliza vijana kadhaa wa kazi hii, akiwamo mpwa wetu, na tumeona kwamba njia za kuitoza ni nne.

Njia ya kwanza ni kuweka mpaka. Fundi husema kwamba ndani ya kisiwa cha Mombasa na vitongoji vya karibu hatozi safari, bali akivuka mpaka huo atatoza. Ni njia nyepesi kwa wote, ila mpaka utajwe kwa jina la mahali. Kwa mfano, feri ya Likoni humvusha bure mtu aendaye kwa miguu, lakini gari hulipiwa. Mwenye taa na vyombo vizito hawezi kuvuka kama abiria mwenye mkoba tu.

Njia ya pili ni kuhesabu kilomita, kwenda na kurudi. Hapa ndipo wateja wengi hulalamika, wakisema, "Mafuta hayafiki kiasi hicho." Tupige hesabu ya mfano. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kilomita 120 hivi, kwa hiyo kwenda na kurudi ni 240. Tuseme gari dogo hutumia lita moja kwa kilomita 12. Litahitaji lita 20. Tuseme lita ni shilingi 180. Mafuta yatakuwa shilingi 3,600. Fundi akitoza shilingi 30 kwa kilomita, jumla ni 7,200. Je, amemdhulumu mteja? La. Magurudumu huisha, oili hubadilishwa, bima hulipwa, na gari lenyewe huchakaa kwa kila safari. Mwenye kutoza mafuta peke yake hulila gari lake kidogo kidogo, na siku litakapolala njiani hatakuwa na akiba ya kulitengeneza. AA ya Kenya hutoa viwango vya gharama za kuendesha magari. Fundi anaweza kuvitazama akapata kipimo cha haki badala ya kukisia.

Njia ya tatu ni kudai kile kilichotumika hasa, kwa stakabadhi: tikiti ya basi au ya treni, chumba, chakula. Boti na bodaboda mara nyingi hazitoi risiti, lakini ujumbe wa malipo ya simu hutosha kuwa ushahidi. Njia ya nne ni kutaja kiasi kimoja kwa kila mji, kwa mfano Kilifi kiasi hiki na Lamu kiasi kile, bila kuonyesha risiti.

Zote nne ni halali zikitajwa kwa jina lake. Tatizo huja pale mtu anapochanganya. Aliyesema, "Nirudishieni nilichotumia," asiongeze hata shilingi moja, kwa kuwa ameweka amana. Aliyesema, "Safari ya Kilifi kwangu ni shilingi 5,000," halazimiki kuonyesha alipanda nini, kwa kuwa ametaja bei na mwenzake ameridhia. Wapo pia wanaoificha safari ndani ya bei ya picha ili waonekane hawatozi nauli. Hao, pengine bila kukusudia, humfanya mteja wa Old Town amlipie mteja wa mbali.

Baada ya nauli kuna muda. Siku inayopita ndani ya basi ni siku ambayo fundi hakupokea kazi nyingine. Wengine hutoza nusu ya ujira wa siku kwa kila siku ya njiani, na sisi hatuoni ubaya katika hilo, maadamu limesemwa mapema. Vilevile akipata harusi mbili Malindi katika wikendi moja, ni uungwana agawe safari hiyo kwa wateja wawili. Kumtoza kila mmoja safari nzima kwa jina la gharama halisi ni kulipwa mara mbili kwa barabara moja.

Tuwakumbuke hasa mabinti zetu. Katika kupamba na hafla nyingine za wanawake, mpiga picha huwa mwanamke, na shughuli hizo huendelea hadi usiku mwingi. Binti huyo hawezi kusimama barabarani saa sita za usiku na kamera ya thamani akingoja matatu. Anahitaji tuktuk au teksi inayojulikana, na pengine ndugu yake wa kumsindikiza. Gharama hiyo ni ya kazi yenyewe. Mama mwenye shughuli akimwita binti wa watu, basi amwulize kabla, "Mwanangu, utarudi na nani?" Tumesikia ya binti aliyeahidiwa gari la maharusi, kisha gari likajaa jamaa, naye akaachwa mlangoni na mabegi yake. Familia ikisema kwamba itampa usafiri, ahadi hiyo ni wa kwenda na wa kurudi, na atajwe mtu atakayempeleka.

Kwa upande wa mteja, tungemshauri alipe nauli mbele pamoja na arbuni, kwa kuwa si haki kijana akope ili ahudhurie furaha ya mwingine. Na kwa upande wa fundi, harusi ikiahirishwa, nauli ambayo bado haijatumika irudishwe au isubiri tarehe mpya. Tikiti iliyokwisha kukatwa na hairudishiki, hiyo ni ya mteja. Haya nayo yasemwe wakati nyuso zingali na bashasha.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari li mfukoni mwa kila mtu. Ujumbe mfupi wa simu watosha: ujira wa picha ni kiasi gani, safari inahesabiwa kwa njia ipi, nani analipia malazi na chakula, fundi atarudi vipi, na safari italipwa lini. Mistari mitano tu, kisha kila upande ujibu, "Nimekubali."

Tunajua wako watakaosema kwamba kuandikiana baina ya jirani na jirani ni kutoaminiana. Sisi twaona kinyume chake. Jirani ndiye wa kuandikiana naye kwanza, kwa kuwa yeye ndiye tutakayekutana naye msikitini, sokoni na mazikoni kwa umri wetu wote. Mgeni tukigombana naye huenda zake. Jirani hubaki, na kinyongo hubaki naye.

Basi ewe mzazi unayepanga harusi, ukishauliza bei ya picha, uliza na ya njia. Nawe kijana mwenye kamera, itaje nauli yako bila haya, kabla hujafunga begi. Picha zipokelewe mapema, na wazee wetu waziangalie wangali hai.

Wabillahi tawfiq.