Daftari Lililomponza Mwenzangu

Nimekosa, na kosa lenyewe nililiandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Mwaka 2024, vita vilipofika Sake na watu wa Masisi wakakimbilia huku kwetu Minova, mashariki mwa Kongo, madarasa yalifurika. Direkta akatuagiza walimu tutembeleane, kila mmoja akakae darasani kwa mwenzake ajifunze. Nikapangiwa mama mmoja wa darasa la pili. Mimi nalipwa na serikali. Yeye alikuwa bado hajamekanizwa, yaani hajaingizwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali, na tangu elimu ya msingi ifanywe bure mwaka 2019, hata prime, yaani malipo ya wazazi aliyokuwa akiyategemea, ilikatwa. Nikaingia kwake kama enspekta.

Somo lilikuwa kutoa kwa kukopa. Mtoto akaandika ubaoni: 52 − 27 = 35. Mwalimu hakufuta. Akauliza, "Nani mwingine amepata 35?" Mikono ikainuka karibu kila benchi. Nikaandika: "Kosa limeachwa ubaoni." Nikatoka kabla ya kengele, daftari moja kwa moja kwa direkta.

Zamu yake ilipofika, alikuja kwangu. Kiti nilichomwekea karibu na mlango hakukikalia. Alijibana benchi la nyuma pamoja na watoto. Somo lilipokwisha, hakusema lolote juu ya sauti yangu wala mwandiko wangu. Alisema: "Mwalimu, yule wa dirishani hahesabu, ananakili kwa jirani. Na hawa watatu wa nyuma wanatoa ndogo kwenye kubwa, hata ndogo ikiwa juu."

Lilikuwa lile lile kosa la 35, limekaa darasani kwangu nisilione. Nikamwuliza yeye alilitatuaje. "Ulipotoka tulichukua vijiti. Mafungu matano ya kumi, na viwili pembeni. Saba tutavitoa wapi? Wakafungua fungu moja wenyewe."

Siku ile ile ningeweza kwenda kwa direkta kufuta maneno yangu. Sikwenda. Niliona haya kukiri kwamba nilitoka kabla somo halijaisha. Nilipopata moyo, mama alikuwa amekwisha kunyang'anywa darasa.

Siku hizi nikienda kwa mwenzangu nakaa na watoto, naangalia madaftari yao, nangoja kengele. Ninayoyaona namwambia yeye peke yake. Nimemwomba mama radhi, akanipa. Darasa hakurudishiwa.