Mtu Hawi Mende

Simba akishashiba hulala kivulini, swara akapita zake. Binadamu je? Yeye huua akiwa ameshiba, tena kwa mpango, kwa orodha na kwa sheria zilizopigwa mhuri. Tangu nianze kusoma historia, swali moja limenikaa rohoni: inakuwaje mtu mwenye mke na watoto aamke asubuhi, anywe chai, kisha aende kumuua jirani yake?

Jibu nililolipata vitabuni ni kwamba panga huwa la mwisho. La kwanza ni jina. Mtu akishavuliwa utu kwa mdomo, kumwaga damu yake huwa kazi nyepesi.

Tazama biashara ya utumwa kuvuka bahari ya Atlantiki. Waafrika zaidi ya milioni 12 walipakiwa melini, wakaandikwa vitabuni kama mizigo. Huko Ujerumani, Wanazi waliwafananisha Wayahudi na panya, hata katika filamu waliyoitoa mwaka 1940. Kufikia mwaka 1945, Wayahudi wapatao milioni 6 walikuwa wameuawa.

Lakini ya nini kwenda mbali? Hebu tutazame Rwanda. Miaka ya 1930, Wabelgiji walianza kutoa vitambulisho vyenye maneno Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Karatasi tu, jamani! Mwaka 1993 redio iitwayo RTLM ikaanza kutangaza. Ilikuwa na muziki mtamu na mizaha ya kuwavutia vijana, na katikati ya mizaha hiyo Watutsi wakaitwa "inyenzi", yaani mende. Kwani mende hufanywa nini? Si hukanyagwa? Kuanzia Aprili 1994, kwa muda wa siku 100 hivi, watu zaidi ya 800,000 waliuawa, wengi wao Watutsi. Kwenye vizuizi vya barabarani, kitambulisho kile kile ndicho kilichoulizwa. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani watu watatu waliohusika na redio hiyo na gazeti la Kangura. Ama kweli ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mifupa.

Nasi Wakenya tusijifanye malaika. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 walipoteza maisha. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa na watu wakiwa ndani, wengi wao akina mama na watoto. Mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini nimezaliwa nikalikuta neno "madoadoa" likinisubiri. Ndilo lililotumiwa huko Bonde la Ufa kuwaita watu wa makabila mengine, eti waondolewe pabaki safi. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililitia katika orodha ya maneno ya chuki.

Basi mbona neno hilo bado nalisikia uwanjani, mpira ukichezwa? Mwenzetu mmoja aliitwa hivyo muhula huu. Wote walicheka. Yeye pia alicheka, lakini alicheka akitazama viatu vyake. Mtasema ni utani tu. Utani, ndugu zangu, huwa wa watu wawili, huyu akirusha na yule akirudisha. Mmoja akirushiwa na darasa zima, huo si utani tena.

Uvumilivu haudai nipende chakula chako, wala niige lafudhi yako, wala nimpigie kura unayemtaka. Wadai nikuone mtu, basi. Tarehe 18 Machi 1997, watu wenye silaha walivamia shule ya sekondari ya Nyange nchini Rwanda, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi walikataa. Walisema wao ni Wanyarwanda. Kadhaa waliuawa pale pale, wengine wakajeruhiwa. Walikuwa wanafunzi kama mimi na wewe, wenye madaftari na mitihani ya kufanya.

Wanafunzi wenzangu, sisi hakuna aliyetuelekezea bunduki. Tunachotakiwa ni kidogo mno kuliko walichotoa wale wa Nyange: mwenzetu akiitwa jina lisilo la mtu, tusicheke, na aliyelitamka tumwambie aache. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Tuanze kesho, uwanjani.