Maji Yanauma

Mwanzoni mwa Mei 2024 mama alinipigia simu kutoka Dodoma. Tukaongea habari za kuku, za jirani aliyeuza kiwanja, za goti lake. Mwishoni, kama mtu aliyekumbuka kitu akiwa ameshashika kitasa cha mlango, akasema: "Halafu mwanangu, siku hizi maji ya bafuni yanauma."

Nikamjibu kwamba baridi ya Dodoma imeanza, kwa hiyo ni mifupa yake inayouma, si maji. Akacheka. Tukaagana.

Kazi yangu ni kuuliza maswali. Nimewahi kumsubiri mkurugenzi mmoja saa nne kwenye korido ili nimuulize swali moja tu. Lakini mama yangu aliponiambia maji yanauma, sikumuuliza yanauma vipi, wala wapi, wala tangu lini.

Hita yenyewe ilinunuliwa na baba mwaka 2011, alipostaafu. Kabla ya hapo nyumba nzima ilioga kwa sufuria: maji yanachemshwa kwenye jiko la mkaa, yanamiminwa kwenye ndoo, yanachanganywa na ya baridi, na mtoto wa mwisho anaambulia ya uvuguvugu. Baba akaleta pipa jeupe la lita 50, akasimama juu ya stuli akaandika ubavuni kwa kalamu ya wino mzito: 12/6/2011. Ilikuwa tabia yake. Aliandika tarehe kwenye betri za redio, kwenye mitungi ya gesi, hata kwenye sabuni. Alifariki 2019, na mwandiko wake umebaki sehemu chache sana ndani ya nyumba ile. Pale bafuni ni mojawapo.

Kwa hiyo hita ilipoanza kusumbua, sikuwahi kujiuliza kama inafaa kutengenezwa. Niliuliza tu ni shilingi ngapi. 2021 elementi iliungua, nikatuma hela. 2022 themostati, nikatuma. 2023 elementi tena, halafu swichi kubwa ikawa inakata kila hita inapowashwa. Nikatuma hela ya fundi, na jioni ile ile mama akanipigia kwa furaha: tatizo limekwisha, swichi haikati tena. Nikalala nikijisifu. Kutuma hela ya fundi ni namna rahisi sana ya kuwa mtoto mwema ukiwa Dar es Salaam.

Juni nikaenda Dodoma kwa kazi za Bunge la Bajeti, nikafikia nyumbani. Asubuhi kuna kibaridi kile kikavu cha Dodoma kinachopasua midomo. Nikaoga maji ya moto, safi kabisa, sikusikia chochote. Nikajiambia: si nilisema? Siku ya tatu nikamwona mama anafungua bomba la bafuni kwa kutumia kitambaa, kama mtu anayetoa sufuria jikoni.

"Mama, mbona hivyo?"

"Si nilikwambia yanauma. Ukishika chuma, yanakung'ata hadi kwenye kiwiko."

Nikamwita fundi mwingine, kijana aliyesoma VETA, mpole, hana maneno mengi. Akamwamkia mama, akatoa testa, akaigusisha kwenye bomba la kuogea. Taa ndogo ndani ya testa ikawaka. Akashuka, akaenda moja kwa moja kuzima swichi kubwa ya nyumba nzima. Aliporudi aliniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Dada, wewe unaoga na ndala?"

Ndiyo, naoga na ndala. Mama anaoga peku, kwa sababu anaogopa kuteleza kwa ajili ya goti lake. Raba ya ndala zangu ndiyo iliyonifanya nimwone mama anazeeka vibaya, kumbe alikuwa anapigwa na umeme kila siku.

Fundi akamwaga maji ya tangi kwenye ndoo, akafungua kifuniko cha chini, akachomoa elementi, akanionyesha. Elementi ilikuwa imevaa ganda jeupe nene kama udongo wa kichuguu. Maji ya Dodoma yana chumvichumvi. Yakichemka, chokaa inaganda kwenye chuma. Elementi inajipikia ndani ya ganda lake, mwishowe inapasuka na umeme unaingia kwenye maji. Swichi ilipokuwa inakata mwaka 2023, ilikuwa inatuambia hivyo. Fundi wa wakati ule hakutafuta ufa. Aliuondoa waya wa ethi, ule unaoupeleka ardhini umeme uliopotea njia. Swichi ikanyamaza. Hiyo ndiyo furaha niliyopigiwa simu jioni ile.

Na si hilo tu. Vali ya usalama ilikuwa inadondosha matone, basi akaiziba kwa kizibo. Maji yakipata moto yanatanuka. Lita 50 zikitoka nyuzi 20 hadi 60 zinaongezeka karibu robo tatu ya lita, na matone yale ndiyo mahali pa kutokea. Ukiyaziba, siku themostati ikikwama na maji yakaendelea kuchemka, tangi linaweza kupasuka kama bomu.

Nikamwambia fundi: basi badilisha elementi, rudisha waya, weka vali mpya. Nilikuwa tayari kulipa. Akasema, "Ngoja kwanza tuone kama kuna kitu cha kutengeneza."

Akanionyesha maji aliyoyamwaga kwenye ndoo. Yalitoka na rangi ya chai ya rangi. Ya bomba la baridi yalikuwa meupe. Akasema kutu ikitoka upande wa moto tu, inatoka ndani ya hita. Akachomoa fito la magnesi linalowekwa ndani ili kutu ile hilo kwanza kabla ya kula tangi. Lilikuwa limebaki waya mwembamba. Linatakiwa kukaguliwa kila baada ya mwaka au miwili. Letu halikuwa limeguswa tangu baba aandike tarehe. Kisha akapitisha kidole chini ya pipa, kwenye mshono, kikatoka kimelowa.

"Elementi, themostati, vali, hivyo vyote vinabadilishwa," alisema. "Kiungo cha bomba kikivuja kinakazwa. Tangi lenyewe likivuja, hapo hakuna fundi. Ndani limepakwa tabaka kama la kioo, ukilichomelea unaliunguza lile tabaka."

Akaongeza hesabu ya mafundi: hita ikishapita miaka kumi, na matengenezo yakafika nusu ya bei ya mpya, acha. Nikapiga ya kwangu. Elementi mbili, themostati na ufundi wa mara zote ulikuwa umepita shilingi 200,000. Mpya ya ukubwa ule dukani ilikuwa 380,000.

Bado nikasita. Nikasema, na sauti ikanikwama kidogo, "Lakini ni ya baba."

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti koridoni, anatusikiliza. Akasema, "Baba yako alininunulia maji ya moto. Hakuninunulia pipa."

Tukanunua mpya siku ile ile. Fundi akarudisha waya wa ethi, akaupima, akaweka kifaa kinachokata umeme pale unapovuja hata kidogo, akaiachia vali bomba lake jembamba la kudondoshea nje, chini ya mpapai. Mzee wa vyuma chakavu akaja na mizani yake. Nililipiga picha lile pipa upande wa mwandiko kabla halijapakiwa kwenye mkokoteni.

Tangu mama aniambie hadi nilipomwita fundi zilipita wiki sita. Nimezihesabu mara nyingi. Wiki sita ni asubuhi arobaini na mbili, na kila asubuhi mama aliingia bafuni peku na kitambaa chake mkononi, asirudie kulalamika, kwa sababu mtoto wake msomi alishamwambia ni mifupa.

Jioni ile alioga kwa muda mrefu. Nikasimama nje ya mlango, nikamuuliza kama maji yanauma.

"Ya moto mno," akajibu. "Njoo upunguze."

Kabla ya kurudi Dar nilipanda kwenye stuli na kalamu ya wino mzito. Nikaandika tarehe ya siku ile ubavuni, na chini yake tarehe ya Juni mwaka unaofuata, ya kuja kukagua fito la magnesi. Hiyo ya pili nitaenda mwenyewe.